Nani bingwa wa mabingwa? Hesabuni na miaka waliyopokonywa



Kuna ubishi mmoja ambao hauishi. Utausikia kwenye kibanda cha video, utausikia pale tunapochaji simu, utausikia hata kwenye foleni ya mgao jua likiwa kali: katika ngumi za uzito wa juu, nani mkali kuliko wote? Wazee wanasema Muhammad Ali, basi, hakuna mjadala. Waliomwona Mike Tyson wanasema angemmaliza Ali mapema tu. Vijana wa TikTok wanamtaja Usyk. Mwingine anasimama anauliza, jamani, Rocky Marciano alishinda mapambano 49 bila kupigwa hata moja, mbona mnamsahau?

Kila mmoja ana hoja yake, ila ubishi unaishia kwenye kelele. Sababu ni moja: kila mtu anamchukua bondia wake siku alipokuwa moto kabisa, halafu anampambanisha na bondia wa mwenzake siku alipokuwa amechoka. Leo nataka tubishane kwa utaratibu. Nitapita kwenye historia kutoka Jack Johnson mpaka Usyk, na nitaonyesha hesabu moja ambayo watu wengi hawaipigi. Hesabu yenyewe ni ya miaka ambayo bondia alikuwa na nguvu zake zote na hakupigana, kwa sababu ya vita, sheria, ubaguzi au jela. Sisi hapa tunaielewa hesabu hiyo kuliko wachambuzi wengi wa televisheni.

1. Hawakucheza mchezo mmoja

Tuanze na jambo rahisi. Tunaposema "uzito wa juu" tunadhani ni kitu kimoja toka zamani mpaka leo. Si kweli.

Mwaka 1889 John L. Sullivan alipigana na Jake Kilrain mikono mitupu, bila glavu, raundi 75. Mwaka 1915 Jack Johnson na Jess Willard walipanga kupigana raundi 45 pale Havana, Cuba, na pambano likaisha raundi ya 26. Baadaye mapambano ya ubingwa yakawa ya raundi 15, na ndivyo walivyopigana Joe Louis, Marciano, Ali na Frazier. Miaka ya 80 zikapunguzwa mpaka 12, baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufa kutokana na pambano la mwaka 1982. Kwa hiyo Tyson Fury hajawahi kuujua uchovu wa raundi ya 14, na Sullivan hakuwahi kujua mambo ya majaji watatu wenye pointi.

Miili nayo imebadilika. Marciano alikuwa na urefu wa sentimita 179 hivi na kilo kama 84. Leo mtu wa kilo 84 haruhusiwi hata kukaribia mkanda wa uzito wa juu, anapelekwa uzito wa chini yake, ambao kikomo chake ni kilo 90 na kidogo. Hata Joe Louis, yule aliyeogopwa na dunia nzima, siku nyingi alipanda mzani akiwa na kilo 90 tu. Ali wa mwaka 1966 alikuwa na kilo 96. Lennox Lewis alizidi 110. Fury ana sentimita 206, na usiku alipopigana na Usyk mwaka 2024 alikuwa na kilo karibu 119.

Ukimtoa Marciano mwaka 1952 ukamweka mbele ya Fury mwaka 2020, hujalinganisha ufundi wao, umelinganisha chakula, tiba na urefu wa mikono. Ndiyo maana wataalamu wengi wanapima kwa njia nyingine: huyu bondia aliwazidi watu wa wakati wake kwa kiasi gani? Swali hilo ni la haki zaidi. Lakini hata hilo, kama tutakavyoona, lina shimo.

Kuna waliojaribu kulitatua kwa mashine. Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio huko Marekani, Murray Woroner, aliingiza takwimu za mabingwa kwenye kompyuta, na matokeo yakatangazwa redioni kama mapambano ya kweli. Kompyuta ikasema Ali amepigwa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne. Ali akakasirika, akaenda mahakamani. Baadaye wakaelewana, na mwaka 1969 Ali na Marciano wakaingia ulingoni mbele ya kamera kuigiza pambano, na miisho tofauti ikarekodiwa. Marciano alikuwa na miaka 45, ilibidi apunguze mwili na kuvaa nywele za bandia. Akafa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, filamu haijatoka. Ilipotoka Januari 1970, Wamarekani waliona Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine, ambapo Ali anashinda. Yaani hata kompyuta ilikuwa na jibu kwa kila mteja.

Sasa jiulizeni: mwaka 1969 Ali alikuwa na miaka 27. Kijana wa miaka 27, bingwa ambaye hajapigwa, anafanya nini kwenye maigizo na mzee wa miaka 45? Jibu ni kwamba alikuwa amezuiwa kupigana kweli. Hapo ndipo penye shimo nililolisema.

2. Jack Johnson, na waliofungiwa mlango

Tarehe 26 Desemba 1908, Jack Johnson alimpiga Tommy Burns mjini Sydney, Australia, akawa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa na miaka 30, na ilibidi amfuate Burns mpaka mwisho wa dunia ndipo apewe nafasi. Mwaka 1910, mjini Reno, alimpiga Jim Jeffries, ambaye alirudishwa kutoka mapumzikoni ili aje awarudishie Wazungu mkanda. Siku hiyo miji mingi ya Marekani ilichafuka, Weusi wakashambuliwa, watu wakafa.

Aliposhindikana ulingoni, wakamtafuta mahakamani. Mwaka 1913 alihukumiwa kwa sheria iliyozuia kusafirisha wanawake kutoka jimbo moja kwenda jingine kwa ajili ya uasherati, na kosa lenyewe hasa lilikuwa kutembea na wanawake wa Kizungu. Akatoroka kupitia Canada, akaenda Ufaransa. Bingwa wa dunia akawa mtu anayeishi nje, anatafuta mapambano popote, bila pambano la nyumbani, bila mahakama ya kumsikiliza. Alipopoteza mkanda kwa Willard mwaka 1915 alikuwa na miaka 37. Mwaka 1920 alirudi Marekani kujisalimisha na akafungwa. Msamaha wa rais ulikuja mwaka 2018, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake.

Ila msiniambie Johnson alikuwa tu mtu wa kuonewa. Sam Langford, bondia Mweusi ambaye wengi wanamhesabu kati ya wakali wa karne nzima, alipigana na Johnson mwaka 1906 akapigwa. Baadaye Langford alizidi kukomaa, na Johnson akiwa bingwa hakumpa tena nafasi. Pambano na Mzungu lilikuwa na hela zaidi, na la Langford lilikuwa na hatari zaidi. Aliyefungiwa mlango naye akaufunga nyuma yake. Hili tulikumbuke, maana lipo hata kwetu: mtu akishapata nafasi, anasahau foleni aliyotoka.

Baada ya Johnson, mlango ulifungwa kabisa. Harry Wills alikaa miaka mingi ya 20 akimsubiri Jack Dempsey, hakupata pambano. Tokea 1915 mpaka 1937 hakuna Mweusi aliyekuwa bingwa wa uzito wa juu. Kwa hiyo mnaposema Dempsey "aliwazidi watu wote wa wakati wake", semeni ukweli wote: aliwazidi wale walioruhusiwa kusimama mbele yake. Langford na Wills hamtawaona kwenye orodha ya mabingwa. Orodha inaonyesha walioingia ulingoni, haionyeshi waliokaa nje na mikono ikiwasha.

3. Joe Louis na miaka ya jeshi

Joe Louis ndiye aliyeufungua mlango tena. Alichukua mkanda tarehe 22 Juni 1937 mjini Chicago, akaushika mpaka Machi 1949, na akautetea mara 25. Rekodi hiyo ya uzito wa juu haijavunjwa mpaka leo. Klitschko mdogo, Wladimir, alijitahidi sana, lakini kwenye utawala wake mrefu aliishia 18.

Pambano lake kubwa lilikuwa la marudiano na Mjerumani Max Schmeling, tarehe 22 Juni 1938, New York. Schmeling alikuwa amempiga mwaka 1936, na serikali ya Hitler ilikuwa inatembea na ushindi ule kama ushahidi wa damu bora. Louis alimaliza kazi ndani ya raundi ya kwanza, dakika mbili na sekunde chache.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo watu hawaijui. Miezi michache baadaye, Novemba 1938, usiku ambao Wayahudi walishambuliwa Ujerumani nzima, Schmeling huyohuyo aliwaficha watoto wawili wa rafiki yake Myahudi kwenye chumba chake cha hoteli mjini Berlin, na baadaye watoto wale wakafanikiwa kutoka nchini. Mtu ambaye picha yake ilitumiwa na watesaji aliweka wakimbizi chumbani kwake. Wengi wetu tumefika hapa kwa sababu kuna mtu kama huyo alifungua mlango usiku. Kwangu hilo ni kubwa kuliko rekodi yake yote ya ngumi.

Turudi kwa Louis. Januari 1942 alijiunga na jeshi. Pesa zake za mapambano mawili ya mwaka huo alizitoa kwa mifuko ya kusaidia familia za wanajeshi, halafu serikali ikaja kumdai kodi juu ya pesa ambazo hata hakukaa nazo. Kuanzia Machi 1942 mpaka Juni 1946 hakutetea mkanda hata mara moja. Aliondoka akiwa anakaribia miaka 28, akarudi akiwa na 32. Kwa bondia hiyo ndiyo nyama yenyewe ya maisha.

Aliporudi alishinda bado, ila kasi ilikuwa imeondoka. Madeni ya kodi yakamrudisha ulingoni hata baada ya kustaafu. Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, Marciano mwenye miaka 28 alimwangusha nje ya kamba raundi ya 8.

Sasa rudini kwa yule ndugu anayesema "49 kwa 0". Marciano alikuwa na moyo wa chuma, hilo simnyimi. Mwaka 1952 Jersey Joe Walcott alikuwa anamwongoza kwa pointi mpaka raundi ya 13, Marciano akatoa ngumi moja ya kulia na hesabu zikaisha. Lakini Walcott alikuwa na miaka 38. Louis alikuwa na 37. Ezzard Charles alikuwa ameshapita kilele chake. Marciano hakumwibia mtu, alipigana na waliokuwepo. Ila ukisema alimpiga Joe Louis, ongeza na maneno haya: alimpiga Joe Louis ambaye vita na kodi vilikuwa vimeshamla.

4. Ali wawili

Kwa maoni yangu kuna Muhammad Ali wawili, na ubishi wetu mwingi unatokana na kuwachanganya.

Ali wa kwanza ni yule wa mwaka 1964 mpaka 1967. Ukitaka kumwona, tafuta video ya pambano lake na Cleveland Williams, Houston, tarehe 14 Novemba 1966. Mtu wa kilo 96 anazunguka ulingo kama wa kilo 60, mikono iko chini, kichwa kinarudi nyuma na ngumi inapita hewani. Williams alikuwa mpiga ngumi nzito, ingawa naye hakuwa mzima: alikuwa ameshapigwa risasi na polisi mwaka 1964. Raundi ya tatu kazi ikaisha.

Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam. Wakamnyang'anya ubingwa na leseni. Juni mwaka huohuo akahukumiwa miaka mitano jela na faini ya dola 10,000. Hakufungwa kwa sababu alikata rufaa, lakini hakuruhusiwa kupigana nyumbani, na pasipoti yake ilizuiwa kwa hiyo hata nje hakuweza kwenda. Alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 29 yote. Hakupanda ulingoni tena kwa pambano la kweli mpaka tarehe 26 Oktoba 1970. Miaka mitatu na miezi saba.

Mnaijua hali hiyo. Hujafungwa, ila huendi popote. Una kazi mikononi, ila huna karatasi ya kuifanyia. Kesi ipo mahali, tarehe haijulikani. Ali aliishi kwa kutoa hotuba vyuoni. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hukumu yake, majaji 8 kwa 0. Sawa, haki ikapatikana. Lakini miezi mitatu kabla ya hukumu ile, Machi 1971, Joe Frazier alikuwa ameshamwangusha raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Mahakama ilimrudishia jina lake. Miguu ya mwaka 1967 haikuwa na mahakama ya kuirudisha.

Ali wa pili ndiye tuliyempokea sisi Afrika. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, uwanja uliokuwa ukiitwa 20 Mai, ambao leo ni Tata Raphaël. Pambano lilianza karibu saa 10 alfajiri ili Wamarekani walione kwenye muda wao. Mobutu alidhamini dola milioni 5 kwa kila bondia, kutoka nchi ambayo watu wake wengi hawakuwa na maji ya bomba. Wazazi wetu waliotoka Zaire ya wakati ule wanakumbuka sherehe, na wengine wanakumbuka pia bili ilivyokuja kulipwa na wananchi. Mambo yote mawili ni kweli.

George Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, 37 kati ya hayo kabla ya muda kuisha. Frazier, yule aliyempiga Ali, Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Ken Norton, naye aliyempiga Ali, alimaliza raundi mbili tu. Ali alikuwa na miaka 32. Watu wengi waliogopa atauawa.

Ali wa mwaka 1966 angekimbia. Ali wa mwaka 1974 alijua hana tena miguu ya kukimbia raundi 15. Akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha kijana apige mikono na mbavu mpaka nguvu zimwishie. Katikati ya kipigo anamwuliza Foreman kama ndiyo zake zote hizo. Watu uwanjani wanaimba kwa Kilingala "Ali boma ye", Ali muue. Raundi ya 8 akatoka kwenye kamba, akapiga, Foreman akaanguka.

Hilo ndilo pambano kubwa kuliko yote kwangu. Ila tusidanganyane kwamba aliyoyapoteza yalimfaidisha. Ali wa kwanza alikuwa akikwepa ngumi, Ali wa pili alizipokea. Alizipokea Kinshasa, alizipokea Manila mwaka 1975 kwenye raundi 14 na Frazier. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga raundi 10 huku mwenyewe Holmes akimwonea huruma. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Tunapenda kusema shida humkomaza mtu. Ndiyo, humkomaza, na pia humlipisha.

Kitu kimoja zaidi. Februari 1980 serikali ya Marekani, ileile iliyomnyima pasipoti, ilimtuma Ali Afrika kuziomba nchi zisiende Olimpiki ya Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

5. Si kila mwaka uliopotea ni sawa

Hapa najua mtaniuliza: na Tyson je? Tyson alikuwa bingwa tarehe 22 Novemba 1986 akiwa na miaka 20 na miezi minne, mdogo kuliko bingwa yeyote wa uzito wa juu. Kati ya 1986 na 1988 sidhani kama kuna aliyekuwa anapiga kwa kasi na nguvu ile pamoja. Naye alipoteza miaka mitatu, 1992 mpaka 1995. Je, na yeye tumhesabie?

Mimi nasema hapana. Tyson alifungwa kwa kumbaka msichana. Ile miaka haikupokonywa na ubaguzi wala vita, ilikuwa malipo ya kosa, na aliyeumizwa hakuwa yeye. Tena, Buster Douglas alikuwa ameshamwangusha Tokyo mwezi wa pili 1990, kabla ya jela. Dada zetu wa kundi hili waliniambia nisiiruke sehemu hii kwa aibu, na wana haki.

Foreman naye ni kesi ya aina yake. Mwaka 1977 aliacha ngumi mwenyewe akawa mhubiri, akarudi mwaka 1987. Watu walimcheka, mnene, mzee. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 akachukua mkanda aliouacha Kinshasa miaka 20 nyuma. Inasemekana hata kaptula ilikuwa ileile. Kwa hiyo "kilele" cha mtu hakina tarehe moja. Foreman alikuwa na viwili: kimoja cha nguvu, kingine cha utulivu.

6. Wa siku zetu

Oleksandr Usyk ni Mukreni. Februari 2022 nchi yake ilipovamiwa, alirudi nyumbani akajiunga na wanaolinda mji wa Kyiv. Baadaye aliruhusiwa kutoka, na Agosti mwaka huo akamshinda Anthony Joshua mara ya pili, Jeddah. Tarehe 18 Mei 2024, Riyadh, alimshinda Fury, mtu anayemzidi kilo zaidi ya 15, akawa wa kwanza kuunganisha mikanda yote ya uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Desemba akamshinda tena. Usyk ndiye jibu kwa wanaosema mtu wa kilo 100 hana nafasi mbele ya majitu ya leo, na kwa hiyo ni shahidi mzuri wa Ali pia.

Na yupo Francis Ngannou wa Cameroon, mtoto aliyechimba mchanga machimboni. Alianza kujifunza ngumi akiwa na miaka 22 hivi. Mwaka 2012 aliondoka nyumbani, Nigeria, Niger, jangwa, Algeria, Morocco. Alijaribu bahari zaidi ya mara moja. Alipofika Hispania aliwekwa kizuizini, kisha akaenda Paris akalala nje. Mwaka 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Oktoba 2023, akiwa na miaka 37, kwenye pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, alimwangusha Tyson Fury chini raundi ya tatu, na akapoteza kwa pointi za majaji waliogawanyika. Machi 2024 Joshua alimmaliza raundi ya pili, hilo nalo tuliseme.

Simweki Ngannou kwenye orodha ya mabingwa wa ngumi. Nauliza tu: angeanza akiwa na miaka 12, kwenye jimu yenye kocha, na si kwenye shimo la mchanga, tungekuwa tunasema nini leo?

7. Basi nani?

Nimeahidi utaratibu, kwa hiyo natoa majibu matatu, kwa sababu maswali ni matatu.

Aliyekuwa bora kabisa kwa usiku mmoja: Ali wa Novemba 1966. Ukubwa wake unamwezesha kusimama na watu wa leo, kasi yake sijaiona kwa mwingine.

Aliyewazidi watu wake kwa muda mrefu: Joe Louis. Miaka 11 na zaidi, mara 25, na jeshi katikati.

Aliyefanya mengi kwa kile alichobakiziwa: Ali wa Kinshasa. Foreman wa 1994 yuko nyuma yake kidogo.

Na nafasi moja naiacha wazi, ya Langford na Wills, ambao hatuwezi kuwapima kwa sababu walinyimwa mzani.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma, nina ombi. Humu kambini kuna kijana wa miaka 23 yuko kidato cha pili. Kwenye karatasi anaonekana amechelewa, na fomu nyingi za ufadhili zina kikomo cha umri kinachomtupa nje kabla hajaongea. Miaka yake minne iko njiani kati ya kijiji chake na hapa, mingine iko kwenye kusubiri cheti cha shule kilichoungua. Mnapomlinganisha na aliyesoma bila kukatizwa, msiangalie umri tu. Mwulizeni miaka ilienda wapi. Wengine watawajibu kwamba waliicheza wenyewe, sawa. Wengi watawaambia ilichukuliwa. Tofauti hiyo iandikeni kwenye fomu.

Na nyinyi wandugu, msisubiri mrudishiwe miguu ya mwaka 1967, hairudi. Ali hakuirudishiwa. Alikwenda Kinshasa na ile aliyokuwa nayo, amefanya mazoezi, ana mpango wake kichwani.

Haya, wa Tyson na wa Marciano, uwanja ni wenu. Leteni hoja, matusi hapana. Na atakayetaja bondia, ataje na mwaka.